Kapiteni Alirudiaka

Mi Bilonda, nakaangaka mikate ku mulango wa sale ya video ya Tata Tharcisse, hapa Kolwezi, na ile nitasema niliiona na macho yangu. Mwenye anataka kunibishia abishe, kinywa ni chake.

Kulikuwa kijana moja, jina Mukalay. Muchana alikuwa anasafisha mawe ya shaba ku mutoni, mikono ilimupauka mpaka ku biwiko. Mangaribi anaoga, anakuya kutazama filme za mambo ya mbinguni: byombo bya kuruka, mashine zenye kusema, batu ba sayari ingine. Zile filme zinakuyaka na kingereza. Pale hakuna mwenye kusikia kingereza, ata Tata Tharcisse mwenyewe hasikie. Lakini yeye njo anashikaka mikro na kutafsiri, na anatafsiri muzuri sana, juu anatunga.

Kuko filme moja, kapiteni anaacha mudogo wake ku sayari yenye kukauka, anaponyesha roho yake na chombo. Mara ya kwanza muzee aliiacha vile ilikuwa. Bachimbaji benye kujaaka mu sale bakakasirika, bakamuvunjia mabanki ya kukalia. Kwetu mu carrière, mu mashimo ya shaba, mutu akibaki chini ya udongo unarudia kumutafuta, ata kama ni maiti tu. Basi mara ya pili muzee akatengeneza. Chombo kikigeuka kule juu, anapaza sauti mu mikro: "Anarudia! Kapiteni anarudia kuchukua mudogo wake!" Halafu anazima mashine mbele mambo haijaharibika. Mukalay hakukuwako ile mara ya kwanza; huku alikuwa analia kila mara. Mi namupatia mukate, anatulia.

Ule kijana alikuwa na telefone ya kioo cha kupasuka, na mule ndani alikuwa na grupe ya WhatsApp ya bapenzi ba zile filme. Bakarani, banafunzi ba université, batoto ba batu benye kujisikia. Kazi yabo ni kubishana: filme gani inapita ingine, série gani iliharibikia ku mwisho. Kuandika kulimushinda Mukalay, alikuwa anatuma vocal, sauti yake tu. Na kusema anajua, si nilikuwa namusikia. Kule hakuna mwenye alimuuliza anafanyaka kazi gani. Balimuita Prof. Binti moja, Abigaëlle, alikuwa anamuandikia: "Prof, sema tena." Ile njo ilikuwa heshima yake yote. Huku inje alikuwa "weye wa mutoni".

Siku moja admin wa grupe, Kazadi, karani mwenye internet ku nyumba, akasema ile filme inapita zote, juu kapiteni hana huruma, aliacha mudogo wake afe. Mukalay akatuma vocal: "Ndugu Kazadi, ulilala. Kapiteni alirudiaka." Kazadi akajibu: "Kweli, Prof. Mi nilisahau."

Alisahau wapi. Akafungua grupe ingine pembeni, Mukalay hayuko mule. Mutoto wa dada yangu, Agnès, alikuwa mule, njo alinionyesha. Balijua kama Prof wabo anaonaka filme kwa mutafsiri wa bachimbaji. Bakapanga kukodi sale ya Tata Tharcisse siku ya Mungu, Prof asimame mbele ya bote aeleze mwisho wa filme, halafu baionyeshe na kifaransa mpaka mwisho. Nilimuambia Agnès, "Mutaua mutu." Akanijibu, "Mama, ni kuchekesha tu." Nilitamani kumumwangia mafuta ya karai.

Nilimuonya Mukalay, naapa. Nikamuambia usiende, banakutegea. Akanitazama sawa vile mi njo niko na wivu. "Mama Bilonda, banataka nisimame mbele yabo. Mi, mbele yabo." Akaazima shati nyeupe ya mwenzake.

Akasema muzuri, ile siku. Alisema namna mutu ataweza kuwa na chombo cha kufika ku nyota na bado akumbuke mutoto wa mama yake. Abigaëlle alikuwa mbele, na telefone yake juu, anamuchukua video. Halafu bakaweka filme. Kapiteni akafunga mulango. Mudogo akagonga ku kioo, akagonga, akachoka. Kapiteni akakunywa maji, akaenda zake. Tukaona majina, tukaona mwisho.

Kazadi akawasha taa. "Prof, alirudia wapi?"

Bakacheka. Kucheka kwa batu benye kushiba kuko na sauti yake, mi naijua. Mukalay akamugeukia Tata Tharcisse, pale karibu na mashine. Akamutazama. Bachimbaji balisimama nyuma, benye balisikia ile "anarudia" na masikio yabo, bakatazama chini. Muzee alijua kama akikubali anatungaka, batu batamukimbia, sale yake inafungwa.

"Mi?" akasema. "Mi sijasemaka vile. Huyu kijana anajiotea tu."

Mukalay akageukia bale ba grupe. "Tata anasema kweli," akasema. "Ni mi nilitunga."

Kazadi akamutoa mu grupe mbele ata afike ku mulango.

Asante ya punda ni mateke. Tata Tharcisse, mwenye kijana alimuchungia kazi, akamukatazia kuingia: batu bakimuona banacheka, banaharibu filme. Na mu filme ya kufuata kulikuwa mujinga moja, anaanguka-anguka, na muzee akashika mikro: "Huyu njo Mukalay, muongo wa sayari yote." Sale ikacheka mpaka bâche, ile plastiki ya kuifunika, ikatikisika. Sasa kila filme iko na Mukalay wake, na mabanki hayatoshe tena. Huyo muzee sitamusalimia mpaka siku batamuzika.

Juzi nilimukuta Mukalay amesimama inje ya bâche, nyuma ya karai yangu, sikio ku plastiki. Nikamuambia, "Baba, rudia kwenu. Unatafuta nini hapa?"

"Ngoja kidogo, mama. Nataka kusikia kama ananiua."

Mule ndani muzee akamuua, na bachimbaji bakapiga makofi.