Matela Iliyosimama Nyuma ya Mlango

Mtu aliyekuja kutufundisha namna ya kubadilisha maisha yetu alivaa koti siku ya jua kali, na mimi nikamchukia palepale. Ndivyo nilivyo. Hasira yangu iko karibu, na mtu anayetoka jasho mbele yangu kwa kupenda kwake mwenyewe ananichokoza. Siye walimu wa shule za msingi tulikuwa tumeitwa kwenye ukumbi wa parokia, tumekaa kwenye viti vya kanisa, tunapepea nyuso zetu kwa karatasi alizotugawia.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, ambayo mji wetu wa Bunia ulisemwa kuwa umetulia. Na kweli soko lilijaa, motari walirudi na pikipiki zao kugombania wasafiri barabarani, watu walianza kujenga kwa matofali ya kuchoma. Lakini mtu akiangusha bati kwa nguvu, mtaa mzima ulinyamaza kwanza, ukasikiliza, ndipo ukaendelea na kazi zake.

Bwana wa koti alisema maisha hayabadilishwi na mambo makubwa. Anza na kitu kimoja kidogo, alisema. Asubuhi, kabla hujatoka nyumbani, tandika kitanda chako. Ukishatandika kitanda umeshinda jambo la kwanza la siku, na mengine yatakuja nyuma yake. Nilimnong'oneza mwenzangu kwamba mtu huyu amepanda ndege toka Kinshasa ili aje kutuambia tutandike vitanda. Alinifinya paja ninyamaze.

Kesho yake nikatandika. Nafikiri ulikuwa ubishi tu, nilitaka kuona kwa macho yangu kwamba haisaidii kitu. Nikatoa shuka nyeupe iliyoshonwa maua pembeni, ambayo nilikuwa nikiichunga kwa ajili ya wageni wasiokuja, nikaitandaza na kuinyoosha kwa kiganja. Kisha nikaenda shuleni. Niliporudi mchana, kichwa kinanigonga kwa makelele ya watoto, nikafungua chumba changu na kukikuta kile kitanda kimenyooka, kinaningojea. Sitasema uongo, machozi yalinitoka. Nilijisikia kama kuna mtu nyumbani aliyekuwa amenifikiria tangu asubuhi, hata kama mtu huyo alikuwa mimi mwenyewe. Tangu siku ile nikawa natandika kila siku, na wanafunzi wangu nadhani waliona kwamba mwalimu hapigi tena kelele sana asubuhi.

Basi nikataka na mama yangu atandike. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Tulikuwa wawili tu katika nyumba yetu ya mtaa wa Rwambuzi, mimi na mama. Yeye hakuwa na kitanda. Alikuwa na matela, godoro la sponji lenye kitambaa cha mistari ya buluu, na aliitandaza chini usiku tu. Kunapokucha, hata kabla hajanawa uso, aliikunja, akaikandamiza kwa goti mpaka pumzi yote iitoke, akaifunga kwa zile kamba za mpira zinazofungia mizigo kwenye baiskeli, akaisimamisha nyuma ya mlango. Viatu vyake, raba za kamba, alivivaa mchana na usiku. Alilala navyo, kamba zimefungwa mafundo mawili.

Katika miaka ya kukimbia vita, mtaa mzima ulifanya hivyo. Kitu cha kwanza kuweka kichwani kilikuwa matela, kwa sababu chakula utaomba na maji utachota, lakini hakuna mtu atakupa mahali pa kulaza mgongo. Tulipokimbia mashamba yetu ya Bogoro nilikuwa bado msichana. Mama alibeba matela, mimi nikabeba chungu cha maharagi ambayo hayajaiva. Tulifika Bunia, tukakimbia tena, tukafika Komanda, na kule tulilala kwenye baraza la shule, tumekingama juu ya ile matela, miguu inabaki kwenye sakafu ya sima, pamoja na watoto wa watu ambao hatukuwajua. Nakumbuka mama alikaa pembeni, mgongo kwenye ukuta, anasikiliza. Sikumbuki kumwona amelala kule. Tuliporudi na vita ikasemwa imekwisha, majirani waliacha kufunga matela mmoja baada ya mwingine. Mama hakuacha.

Mwaka ule wa mafunzo alianguka jikoni, kando ya mbabula ya makaa yenye moto. Mungu alimsaidia akaangukia upande wa pili. Muganga wa dispensari alipima, akasema ni tansio, damu imepanda sana. Alimpa dawa, na akamwambia kwamba kila mchana, baada ya kula, ajinyooshe na alale usingizi wa kweli. Kisha akaniita pembeni, akaniambia kwamba mama akiendelea kukesha namna hii, siku moja nitarudi kutoka shuleni nimkute chini, na siku hiyo sitamwinua. Maneno hayo yaliniingia kama baridi. Mimi sina mtu mwingine duniani.

Lakini angelala wapi, na matela imefungwa tangu alfajiri? Nilimkuta kila mchana kwenye kiti chake kidogo uwanjani, sahani ya mchele wa kuchambua iko mapajani, shingo inaanguka, inainuka, inaanguka. Nikamwambia basi, mama, tujaribu kama yule bwana alivyosema, tusifunge matela asubuhi, tuitandike vizuri, mchana iwe tayari. Nikamwelezea habari yote ya jambo la kwanza la siku. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dini isiyo yake.

"Ule muntu yako ya koti," akaniuliza, "alishakimbia na kitanda siku moja?"

Nilicheka, kisha nikakasirika zaidi. Jumapili moja alipokuwa kanisani nilifungua matela mwenyewe, nikaitandika kwa ile shuka yangu nyeupe. Alirudi, akaiangalia, akanishukuru kwa shuka, akaikunja shuka vizuri kabisa na kunirudishia mikononi, kisha akapiga goti na kufunga matela yake. Hakukuwa na ugomvi. Nilikwenda jikoni nikaitupatupa sufuria mpaka jirani akauliza kuna nini. Nikarudi na kumwambia alale basi kwenye kitanda changu. Alikataa. Alisema mtu mwenye kulala hasikii, na nyumba lazima iwe na mtu mwenye kusikia.

Halafu asubuhi moja milio ya bunduki ikasikika upande wa juu wa mji. Nilikuwa nimeshavaa kwenda shuleni. Nilisimama mbele ya kitanda changu kilichotandikwa na sikujua nichukue nini. Mimi, mwalimu, mtu mwenye kanuni za maisha, nilichukua mto. Nilitoka mbio nimekumbatia mto mikononi, na mama alikuwa tayari kwenye kijia, matela iko kichwani, kamba za viatu zimekazwa, ananiita nifunge mlango.

Tulikwenda parokia kama watu wote. Njia ile si ndefu, lakini nilitembea nyuma ya mama na kusikia pumzi yake inapiga filimbi, nikaona mishipa ya shingo yake imesimama. Nilimwomba anipe mzigo. Alikataa kwa kutikisa mkono tu, kwa sababu pumzi ya kusema hakuwa nayo. Niliogopa risasi kidogo, niliogopa ile shingo sana. Tulipofika uwanja wa kanisa alikaa chini, rangi yake imekuwa ya majivu, akafungua kamba za matela mara moja. Jirani yetu alikuwa na mtoto mchanga aliyezaliwa wiki ile. Mama hakumuuliza kitu, alimwonyesha matela kwa kidole. Mtoto alilala pale, na mama yake, na kina mama wengine wawili miguu ikiwa nje. Mto wangu ulikwenda chini ya kichwa cha yule mzazi, kwa hiyo haukubebwa bure. Mama yangu alikaa pembeni, mgongo kwenye ukuta, anasikiliza, namna ileile ya Komanda.

Kesho yake tuliambiwa mji umetulia, turudi. Hakuna mtu aliyeingia kwetu. Kitanda changu kilikuwa kimenyooka vilevile, shuka nyeupe haina hata alama, na mimi nilikiona kama mtu mwenye kunicheka. Nilijiambia mama alikuwa na haki, na kwamba mafunzo yale yalikuwa ya watu wa mahali pengine, watu ambao asubuhi yao inajua itafika jioni.

Kwa hiyo kulipokucha tena, nilitoa shuka, nikakunja matela yangu na kuipiga goti. Haikukubali, ilikuwa nene na mimi sina mazoea. Nilikuwa bado ninapigana nayo, kamba iko kwenye meno, mama alipotokea mlangoni na kikombe cha chai. Uso wake ulikuwa na huzuni ambayo sikuiona hata kule parokia.

"Fungula," akasema.

"Mama, mbona weye unafunga?"

"Mimi ninafunga ili weye utandike."

Kamba ilitoka kwenye meno yangu. Aliweka chai chini, akanisaidia kunyoosha matela, akaiokota shuka mwenyewe, na akaitandaza polepole, kona kwa kona, akipapasa yale maua kwa vidole vyake. Akaniambia kwamba toka nianze kutandika anapita mbele ya chumba changu kila asubuhi nikishaondoka na anachungulia kile kitanda. Anakiona, halafu anakwenda kufanya kazi zake roho ikiwa imetulia, kwa sababu kuna mtu mmoja nyumbani ambaye hangojei kukimbia. Mimi miezi yote ile nilidhani ananidharau.

Nilikaa juu ya sakafu na kulia kama mtoto. Yeye alisema chai inapoa.

Mchana nilirudi kutoka shuleni, tukakula sombe, na nilimshika mkono mpaka chumbani. Nikamwambia kwamba kama kitanda hiki kinamtuliza kwa kukitazama tu, basi akipande. Alikitazama, akatazama mlango.

"Na nani atasikia?"

"Mimi. Ninakaa hapa, sitoki."

Nikaikokota matela yake iliyofungwa, nikailaza kwenye kizingiti, nikaikalia na karatasi za mtihani za wanafunzi mapajani. Ilikuwa ngumu kama gogo, imefungwa barabara, tayari kwa safari. Mama aliniangalia nilivyokaa, akapima kama nafasi ile inaona barabara. Aliniuliza kama nikisikia kitu nitamwamsha. Nilisema nitamwamsha. Aliniuliza kama nitamwamsha mara moja, nisingoje kuhakikisha. Nilisema mara moja, mama.

Ndipo alipokaa pembeni ya kitanda, akainama, akafungua yale mafundo mawili, kiatu kimoja, halafu kingine. Miguu yake ilikuwa myeupe kwenye vidole kwa kukosa hewa. Hakuviweka viatu chini. Alinipa mkononi.

"Unishikie," akasema, akajilaza juu ya shuka ya wageni, na kabla sijasahihisha karatasi ya kwanza alikuwa anakoroma.

Sikusahihisha kitu mchana ule. Nilikaa nimeshika viatu vya mama yangu, ninasikiliza barabara, mpaka alipoamka.