Mama Atavaa Nini Melini?

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia kwenye simu yangu nikiwa kazini, katikati ya jiji, nikisubiri birika la chai liletwe. Meli anayofanyia kazi ingetia nanga Mombasa, na wafanyakazi Wakenya walikuwa wameruhusiwa kualika watu wawili wawili wapande, wale chakula cha mchana, kisha washuke. "Njoo na Mama," aliandika. Chini akaongeza maelezo ya mavazi: kwenye chumba cha kulia watu huvaa kawaida mchana, mambo ya kujipamba ni ya jioni, kwa hiyo msijisumbue. Msije tu na nguo za kuogelea, wala kofia mezani, wala ndara.

Nilicheka peke yangu. Mama yetu ni mzee wa kanisa, amepita miaka sabini, na maji mengi zaidi aliyowahi kusimama ndani yake ni yale ya mvua inapofurika bondeni kwetu Waithaka.

Lakini kicheko hakikudumu, kwa sababu kile kisentensi cha "Njoo na Mama" kilikuwa kizito. Mama na mdogo wangu hawakuwa wakisemezana. Mdogo wangu alisomea ualimu, na Mama alimsomesha kwa maziwa ya ng'ombe wake na kwa kodi ya vyumba vya mabati vilivyo nyuma ya nyumba. Msichana akamaliza chuo, akakaa nyumbani akingoja kuajiriwa mpaka akachoka, kisha akaenda zake kwa mawakala wa kazi za melini. Mama akasema, "Sikukusomesha ndio uende kupakulia watu chakula." Mdogo wangu naye ana mdomo. Akamjibu, "Na wewe Mama umepakua maisha yako yote, kuna ubaya gani?"

Kwetu mtu hasafiri bila kuombewa. Tunasimama sebuleni, tunashikana mikono, Mama ndiye anayeanza. Asubuhi ile ya mdogo wangu kuondoka, Mama alibaki zizini akikamua ng'ombe ambaye alikuwa amekwisha kukamuliwa, mpaka gari likatoka langoni. Tangu siku hiyo salamu zao zote zilipitia kwangu. "Mwambie ajifunike, huko kuna upepo." "Mwambie Mama nimesikia." Mimi ni karani, lakini kwa familia yangu nilikuwa tarishi, na kazi hiyo ilikuwa imenichosha. Nilitaka sana waketi pahali pamoja waongee kabla Mama hajazeeka zaidi ya hapo. Nilimpenda kila mmoja wao na kila mmoja alikuwa ananiudhi.

Jumapili baada ya ibada nikampelekea Mama habari. Alisikiliza huku akimenya viazi, hakuinua uso.

"Kama ni wewe unaenda," alisema, "nitakusindikiza."

Nikajua amekubali, na nikajua pia kwamba hatakubali kusema amekubali.

"Amesema tuvae nini?"

"Kawaida tu. Ni mchana."

"Kawaida ya nani?"

Nikasema kawaida ya kila mtu. Akaniuliza kama anaonekana mtu wa kuingia kwa watu na nguo ya kukamulia. Nikasema Mama, hakuna aliyetaja nguo ya kukamulia. Akauliza kama kitambaa cha kichwa ni kofia, maana yeye hawezi kula mbele za watu kichwa wazi. Ikabidi nipige simu palepale. Mdogo wangu alikuwa akipanga vijiko, nilivisikia vikigongana. "Kitambaa ni sawa," alisema. "Mwambie Mama nimesema ni sawa kabisa." Nikageuka kumwambia Mama, aliyekuwa karibu nami kiasi cha kusikia kila neno.

Hapo ndipo msafara wa nguo ulipoanza. Kwanza nilimpeleka kwa duka moja la vitambaa huko mjini, kwa mama mmoja wa Pwani ambaye familia yake ina duka hilo tangu nikiwa msichana. Yule mama aliinuka, akamwamkia Mama shikamoo kwa mikono miwili. Mama, ambaye salamu hiyo huisikia kwa redio tu, alichelewa kidogo kuitikia marahaba, lakini niliona imemwingia vizuri. Tulipoeleza safari, mwenye duka alikwenda moja kwa moja akachomoa dera la pamba, jepesi, lenye maua ya samawati.

"Kwa joto la Mombasa, mamangu, hili ndilo. Utakula upunge na upepo."

Mama alilishika kwa vidole viwili. "Si hii ni ya kulalia?"

"Sisi twaendea harusini."

"Nyinyi mnajua kuivaa," Mama akasema, kwa adabu yote, akalirudisha. Kisha akanyoosha kidole kwenye rafu ya juu, kwenye kitambaa kizito cha buluu iliyokoza, cha aina wanayoshonea makoti ya wazee wa kanisa. Yule mama akanitazama. Nikatikisa kichwa kumwomba asikate. Akakata, kwani mteja ni mteja.

Sikukata tamaa. Jumamosi iliyofuata, kitambaa kikiwa bado hakijaenda kwa fundi, nilimvuta hadi Westlands, kwenye jumba moja la maduka, nikitumaini macho yake mwenyewe yatamwambia ninachoshindwa kumwambia. Msichana wa duka la nguo aliposikia habari ya meli alichangamka. Akatuletea suruali nyeupe inayoishia magotini na blauzi isiyo na mikono.

"Mathe, hii ni moto. Hii ndio watu wa meli huvaa ma-lunch."

Mama akaipokea, akaigeuza mbele na nyuma, akamuuliza, "Na hii ingine iliobaki iko wapi?" Msichana akacheka mpaka akashika meza. Mama hakucheka. Alikuwa ameuliza kwa dhati.

Tulipotoka nilimketisha mahali pa kulia, kule juu, nikamwagizia chai. Ilikuwa saa saba na nusu. Watu walikuwa wakila wamevaa kaptura, wengine wamevaa nguo za mazoezi, kijana mmoja yuko na ndara na soksi. Nikasema, "Ona sasa, Mama. Hawa wote ni watu na pesa zao. Mchana mtu huvaa hivi. Wewe ukienda na suti ya buluu na vifungo, watakuangalia."

"Waniangalie."

"Utamwaibisha."

Neno hilo lilinitoka kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimezunguka tangu asubuhi na miguu inaniuma. Mama alikoroga chai yake, ingawa alikwisha kuikoroga.

"Hawa unaona hapa," akasema, "hawajaenda kuona mtu. Wamekuja kula. Ulipokuwa shule ya bweni, siku ya wazazi nilikuwa nakuja na nguo gani?"

Nilikumbuka. Wakati huo alikuwa na gauni moja tu la maana, la kijani, alilovaa kanisani, matangani na siku ya wazazi.

"Kuna mama walikuwa wanakuja vile wametoka shamba, na matope," akaendelea. "Si kwa ubaya, walikuwa wamechoka. Lakini mimi nilikuwa naona vile walimu wanaongea na watoto wao. Mwalimu akiona mzazi amejipanga, anajua huyu mtoto ako na kwao. Hata akitaka kumchapa, anafikiria mara mbili. Sasa huyo wetu ako huko majini peke yake, na wakubwa hatujui ni watu gani. Mimi siendi kula. Naenda waone ako na mtu."

Kwa hiyo meli yote ile kubwa, kwake ilikuwa shule ya bweni, na mkubwa wa chumba cha kulia alikuwa mwalimu wa zamu. Ningeweza kumwambia kwamba wakubwa wa melini hawaendeshi mambo hivyo. Sikumwambia. Sijui wanavyoendesha. Nikalipia chai. Tulipotoka hapo tulienda moja kwa moja kwa fundi.

Fundi wetu wa Waithaka alimshonea koti lenye bitana na vifungo vya rangi ya dhahabu, na sketi iliyofika chini ya vigimbi vya miguu. Mama aliongeza soksi ndefu, viatu vya kufunika na kitambaa cheupe cha kichwa. Mimi nikanunua dera lile la maua ya samawati, nilishalipenda, na lingeachwa vipi?

Mombasa ilitupokea kwa jua lake. Pale bandarini, kwenye foleni ya kukaguliwa, Mama alitiririka jasho mpaka mlinzi akamletea kiti. Alikataa kuvua koti. Nilimpepea kwa gazeti na kumnung'unikia kwa wakati mmoja, na yeye alivumilia vyote viwili. Mbele yetu walikuwa wazazi wengine, jamaa wa wafanyakazi wengine, nao, nisije nikamsingizia Mama peke yake, walikuwa wamevaa kama watu wanaokwenda kutoa mahari. Mzee mmoja alikuwa na tai.

Chumba cha kulia kilikuwa baridi. Hilo hakuna aliyetuonya. Kulikuwa na baridi ya kuhifadhia nyama, na mimi katika dera langu la pamba nilianza kutetemeka kabla sijaketi. Mama alifunga kifungo cha juu cha koti akatazama huku na huku akiwa ametulia kabisa. Wageni wa meli walikuwa kama mdogo wangu alivyosema: kaptura, fulana, magoti ya wazee mekundu kwa jua. Mlangoni mwanamke mmoja aliyejifunga taulo juu ya nguo za kuogelea alizuiwa kwa upole akarudishwa abadilishe. Mama aliona. "Afadhali," alisema, "kumbe hapa pia wako na sheria."

Mwanamume mfupi mwenye suti nyeusi alikuja kutupokea. Alikuwa ndiye mkubwa wa mdogo wangu. Hakujua Kiswahili, naye Mama Kiingereza chake ni cha salamu. Yule bwana alimtazama tangu kitambaa hadi viatu. Kisha akaweka mkono kifuani, akainama, akamvutia kiti yeye mwenyewe. Mama aliketi taratibu, pochi juu ya mapaja. Alinitupia jicho moja tu, na lilinitosha.

Mdogo wangu akaja. Alikuwa amekonda. Alivaa shati jeupe, kizibao cheusi, na kibandiko chenye jina lake na nchi yake chini ya jina. Kwa mkono mmoja alibeba trei yenye glasi za maji, mwingine ameuficha nyuma kama walivyofundishwa, na uso una lile tabasamu ambalo nadhani pia walifundishwa. Aliniambia karibuni. Akamwekea Mama kadi ya vyakula mbele yake, akaanza kuisoma kwa sauti: kuna samaki, kuna kuku, kuna supu ya malenge. Sauti ilikuwa ikitetemeka kidogo penye supu.

Mama aliitazama ile kadi. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie..." alianza.

"Simwambii," nikasema. "Huyo hapo."

Sikupanga kusema hivyo. Nilikuwa nasikia baridi, nilikuwa nimechoka, na kumbe nilikuwa nimechoka kwa miaka. Mdogo wangu aliganda na trei yake. Kwenye meza za jirani watu walikuwa wakicheka na kugongesha uma. Nilianza kujuta, maana nilimjua Mama, anaweza kunyamaza mpaka meli ing'oe nanga.

Mama aliinua uso. Akamtazama yule mtoto wake wa mwisho, kizibao, kibandiko, mashavu yaliyoingia ndani.

"Na wewe," akamuuliza, "umekula?"

Lile tabasamu la kufundishwa lilimtoka mdogo wangu, na sura iliyobaki ilikuwa ile ya kwetu.

"Bado, Mama."

"Saa hii yote?"

"Sisi hula wageni wakimaliza, Mama. Huko chini."

"Basi mimi nitakungoja."

"Mama, huwezi. Watafunga. Tafadhali kula, chakula ni kizuri."

"Nimesema nitangoja."

Akaifunga ile kadi, akaisukuma kando, akakunja mikono juu ya pochi. Machozi yalimshuka mdogo wangu na hakuwa na mkono wa kuyapangusa, kwa sababu sasa ameishika ile trei kwa mikono yote miwili. Mkubwa wake aliona kutoka mlangoni, akaja haraka, akaniuliza kama kuna kitu hakikumpendeza mama. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba hakuna kibaya, ila mama hawezi kula kabla mtoto wake hajala.

Aliwatazama wote wawili. Akaangalia saa yake, akaangalia meza zake zilizojaa. Kisha akaichukua trei mikononi mwa mdogo wangu, akaanza kugawa maji mwenyewe.

Mdogo wangu akaketi, na Mama akamvutia kiti karibu.