Mkono wa Delbert Stovall

Delbert Stovall alinunua tiketi kama mtu yeyote, akapanda hadi safu ya mwisho kabisa, akaketi nyuma ya nguzo. Miaka thelathini aliuingia ukumbi huu wa Fort Worth kwa mlango wa farasi, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Leo alipita na watazamaji, mkononi ana mkate wa nyama ya kubanikwa asioutamani, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na alikuja kumwomba binti yake msamaha. Sasa mtu wa kuomba msamaha hujificha nyuma ya nguzo? Delbert ndivyo alivyokuwa: hodari mbele ya ng'ombe, mwoga mbele ya neno.

Kisa chenyewe kilikuwa na miaka tisa. Tresa, binti yake wa pekee, alimfundisha farasi jike aliyeitwa Juniper tangu siku ya kwanza ya tandiko, akamtayarisha kwa mashindano haya ya kutenga ng'ombe, ambayo farasi huyaingia mara moja tu maishani, akiwa na miaka mitatu. Wiki moja kabla ya kuanza, mwenye farasi, Hoyt Cranfill, akaona afadhali apande mtu mwenye jina kubwa, yaani Delbert mwenyewe. Delbert angeweza kusema anayestahili kupanda ni Tresa, na Cranfill angemsikiliza. Hakusema. Alipanda yeye, na Tresa akawekwa miongoni mwa wasaidizi wanne wanaolinda kundi.

Mchezo wenyewe hauna siri. Ukishamtoa ng'ombe mmoja kundini, unaushusha mkono wa hatamu shingoni mwa farasi, na kuanzia hapo farasi anafanya kazi peke yake. Ng'ombe anataka kurudi kwa wenzake, farasi anamkatalia, na wewe huko juu ni abiria tu. Katika fainali ile mtamba mmoja mwekundu alijifanya anakwenda kulia. Juniper hakudanganyika, alibaki palepale. Aliyedanganyika ni Delbert. Aliinua mkono, akamvuta farasi kulia, na mtamba akapita kushoto akarudi kundini.

Hilo lingesameheka, maana nani hajawahi kuogopa? Kisichosameheka ni maneno aliyoyasema alipotoka, mbele ya Cranfill na wafugaji wengine: kwamba farasi alifundishwa vibaya, kwamba alikuwa anamwachia ng'ombe, ndiyo maana ikabidi amwokoe. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Na kwa kuwa neno la Delbert Stovall lilikuwa sheria kwa watu wale, miaka saba mizima hakuna aliyemkabidhi Tresa farasi wa maana. Aliishi kwa kuosha mabanda ya watu. Juniper alipouzwa kama kitu kibovu, ni Tresa aliyemchukua, na leo alikuwa amefika fainali na binti wa Juniper.

Kipaza sauti kilipolitaja jina la Stovall, Delbert aliuweka mkate chini ya kiti. Mama mmoja wa mji wa Abilene aliyekaa kiti cha pili alimsogelea.

"Unamjua yule?"

"Kidogo."

"Mimi nampenda huyu. Akishaushusha mkono, umeshuka. Siyo kama wale wazee wa kuvutavuta."

Kule chini Tresa aliingia kundini polepole, akamtoa mtamba mwenye uso mweupe, akashusha mkono. Mtamba akajitupa kulia, akageuka, akasimama, kisha akajifanya anakwenda kulia tena. Binti wa Juniper aliinama mbele yake, miguu imepanuka, hakusogea hata unyayo. Mkono wa Tresa ulitulia shingoni. Mkono wa Delbert ndio uliopanda wenyewe kutoka gotini.

"Shusha mkono, mzee," mama wa Abilene akasema. "Hupandi wewe."

Dakika mbili na nusu zilipokwisha ukumbi wote ulikuwa umesimama, na alama zilizotangazwa hakuna aliyezifikia baada yake. Delbert alilia, na hakujua kama ni kwa furaha au kwa aibu. Nadhani ni aibu, kwa sababu furaha ingemruhusu kupiga makofi.

Alishuka hadi mabandani. Watu sita walikuwa wamemzunguka Tresa, na katikati yao Hoyt Cranfill, amenenepa, uso mwekundu kwa baridi ya Desemba.

"Delbert, njoo hapa, mzee mwenzangu. Nilikuwa nawaambia hawa, damu haipotei. Utulivu ule wa mkono ni wako. Wewe ndiye uliyemfundisha, au nasema uongo?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Tresa alikuwa anafungua mkanda wa tandiko, amewapa mgongo, na vidole vyake vikasimama.

"Nilifanya nilichoweza," Delbert akasema.

Wakacheka, wakampiga mabegani, wakaenda zao kutafuta bia. Vidole vya Tresa vikaendelea na mkanda.

"Tresa."

"Baba."

"Juniper hakumwachia yule mtamba. Ni mimi niliyeogopa. Ulikuwa umemfundisha vizuri. Hilo ndilo lililonileta."

"Najua. Nilikuwa pale pale uwanjani, nilikuona."

"Basi nisamehe, mwanangu."

Tresa alilishusha tandiko, akaliweka juu ya uzio, ndipo akamtazama. "Cranfill alikuwa hapa sasa hivi. Kakuuliza mwenyewe, mbele ya wenzake watano, nawe ukajibebea sifa. Baba, ulinivua nguo sokoni. Usije kunivisha uchochoroni."

Hakupaza sauti. Angepaza, Delbert angejua la kufanya, maana kwa kelele hakuwahi kushindwa. Alitoka kumfuata Cranfill, anachechemea kwa nyonga yake mbovu, akipishana na farasi na vijitoroli vya majani. Alimtafuta penye bia, hayupo. Akaenda hadi lango la magari, na huko akaliona gari la Cranfill likikunja kona ya mwisho na kuingia barabarani. Wale wengine watano nao walikwishatawanyika.

Mlinzi wa lango alikuwa mwanamke mwenye koti zito, anakunywa kahawa. Delbert alishika nguzo ya lango kupata pumzi.

"Yule farasi jike hakuwa na kosa," akasema. "Aliyemfundisha pia hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyeinua mkono."

Mwanamke alimtazama kwa huruma. "Farasi gani, mzee?"

"Juniper."

"Simkumbuki huyo. Ameingia leo?"

"Miaka tisa iliyopita."

"Ahaa," mlinzi akasema, akamfungulia lango apite.