Mpagazi Aliyesema Mwanga Huchoka

Mimi sipendi watu wanaojua kila kitu, na kazi yangu ya uwakala wa forodha hapa mpakani Mpondwe imenikutanisha nao wengi. Madereva wanajua sheria kuliko askari, wachuuzi wanajua mvua itanyesha saa ngapi. Kwa hiyo siku Kabugho aliponiambia kwamba wataalamu wa dunia nzima wamekosea kuhusu nyota, nilimwambia atue gunia kwanza, asije akamwaga kahawa ya watu kwa ajili ya mambo ya mbinguni.

Hakutua. Alibaki ameinama, gunia mgongoni, mkanda umekaza kipajini kama wanavyobeba wanawake wa milimani. "Afande, uniulize basi," alisema. "Kuuliza haiue mutu."

Mimi si afande wa mtu yeyote. Nilizaliwa kambini, baba yangu ndiye aliyekuwa askari, na kwa kuwa Lhukonzo changu, lugha ya watu wa hapa, kinachechemea mpaka leo ingawa mke wangu ni wa Bwera, watu huzungumza nami Kiswahili na kuniita hivyo kwa utani. Nilimuuliza. Hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita, na tangu hapo sijawahi kuacha kumuuliza.

Kabugho ni mwanamke wa miaka arobaini na mitano hivi, mzaliwa wa Bwesumbu. Alimaliza kidato cha nne akiwa wa kwanza katika fizikia, masomo yakaishia hapo, akaolewa Bwera, akafiwa na mume. Hubeba kahawa na kakao kutoka darajani, upande wa Kongo, mpaka kwenye malori yanayosubiri upande wetu. Ukimwona njiani hutamgeukia mara ya pili. Ndivyo tulivyo, macho yetu huishia kwenye mzigo.

Habari yenyewe ni hii. Mwanga wa makundi ya nyota yaliyo mbali sana hutufikia ukiwa umeelemea wekundu kuliko ulivyotoka, na kadiri kundi lilivyo mbali ndivyo wekundu unavyozidi. Wataalamu wengi wanasema sababu ni kwamba ulimwengu unapanuka, na nafasi yenyewe inautanua mwanga ukiwa njiani. Ukirudisha hesabu nyuma unafika wakati ambapo vitu vyote vilikuwa vimebanana pamoja, na hapo ndipo wanapopaita mwanzo. Kabugho aliyapata hayo kwenye gazeti la sayansi la Kifaransa. Aliletewa na Célestin, mwalimu wa Kasindi ng'ambo ya daraja, ambaye alimfasiria sentensi moja moja wakiwa wamekaa juu ya magunia.

"Hapana," Kabugho aliniambia. "Muangaza inachoka tu. Inatoka mbali, inapunguka nguvu, inakuwa nyekundu. Mimi niko najua kuchoka. Hakuna mutu wa kunifundisha kuchoka."

Célestin alimweleza kwamba kuna msomi aliyewaza hivyo hivyo karibu miaka mia moja iliyopita, na kwamba wenzake wengi waliliacha wazo hilo. Kabugho alisikia nusu ya kwanza tu. Akanunua daftari, likajaa, akanunua jingine; yalipofika saba nilimpa sanduku la bati ayahifadhi. Alisoma pia juu ya wale waliodai kwamba ulimwengu hauna mwanzo, bali vitu vipya huzaliwa polepole kujaza nafasi zinazoachwa, na wengine wanaowaza kwamba unapanuka kisha unajikunja na kuanza upya. Kila wazo alilifanyia kama anavyolifanyia gunia kabla ya kulikubali: alilitikisa kwanza asikie kilichomo.

Siku moja nilimchokoza. Nilimwambia yeye kila Jumapili yuko kanisani, sasa anawezaje kuukataa mwanzo?

"Jina yangu ni nani?" akaniuliza.

"Kabugho."

"Kabugho ni binti wa ngapi?"

Hata mimi mgeni najua. Kwa Wakonzo mtoto hupewa jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Kabugho ni binti wa tatu, nyuma ya Masika na Biira.

"Uliona Masika wetu? Uliona Biira?" Sikuwaona. Walikufa wachanga kabla yeye hajazaliwa, na nyumbani kwao yeye ndiye anayehesabika kama mkubwa. "Bila jina, ungesema mimi njo mwanzo," alisema, na njo katika Kiswahili chake ni ndiye au ndiyo. "Mungu aliumba, sikatae. Lakini wapi alisema hii tunaona njo ya kwanza?"

Nilimheshimu mwanamke yule siku hiyo kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu mwenye ofisi.

Mwaka jana goti lake la kulia lilianza kuvimba. Daktari alimwambia wazi kwamba halitavumilia mwaka mwingine wa magunia. Wakati huohuo akapita hapa Byamukama, mkuu wa shule moja ya binafsi kule Bulembia, amefuata mbao za madawati. Akamsikia Kabugho akibishana na dereva juu ya nyota, akasahau mbao zake. Kabla hajaondoka alikuwa amemwalika mjini Kasese, kwenye siku ya sayansi ya walimu, aeleze nadharia yake. Zaidi ya hapo, shule yake ilikuwa inatafuta mtunza maabara. "Mama, siku hiyo ikienda vizuri, ile kazi ni yako," alimwambia mbele yangu.

Maabara! Kazi ya kuosha chupa, kupanga lenzi, kuandaa majaribio, goti limepumzika kwenye kiti. Kabugho aliuliza maswali mengi kuhusu lenzi na hakuuliza lolote kuhusu mshahara, ikabidi niulize mimi.

Sasa nifike mahali ninapoona haya. Siku kumi kabla ya mkutano, Jumatano, Célestin alivuka daraja na ukurasa mmoja uliochanwa gazetini, akanikuta mimi, Kabugho hayupo. Alinifasiria kwa subira. Kuna nyota zinazolipuka, na mng'ao wake hufifia kwa wiki kadhaa, kwa mtindo unaojulikana. Zile za mbali sana huonekana zikififia polepole zaidi. Kabugho aliijua habari hiyo, imo katika daftari lake la tatu, na alikuwa ameipitisha kwa neno moja: uchovu. Ukurasa ule ulisema uchovu wa mwanga hauwezi kuifanya nyota ionekane ikifa polepole. Kupanuka kwa ulimwengu kunaweza.

"Bon, Kiiza," Célestin aliniambia, "hii inaua mawazo ya mama. Umupe leo."

Nilimwambia sawa. Alipoondoka nikauweka ukurasa ndani ya droo, chini ya fomu za forodha. Nilijiambia nitampa akishaipata kazi. Goti lile nililiona kila siku likipita mbele ya kibanda changu. Mwenye mawazo safi kuliko yangu na anihukumu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata lilikuja lori la kupakia kakao. Msimamizi wa wapagazi, Tsongo, alisimama darajani na filimbi yake. Huwa anawaachia wanawake mmoja mmoja, kwa nafasi sawa ya muda, daraja lisijae. Kufika saa sita, mpakiaji aliyekuwa juu ya lori akaanza kupiga kelele kwamba anakaa bure, mizigo inafika kwa nafasi kubwa mno. Tsongo akawashukia wanawake: wanajikokota, wanapiga soga, wanajifanya wamechoka.

Kabugho akamkabili na gunia mgongoni. "Tumechoka, ndiyo. Lakini tumechoka wote sawasawa! Wa kwanza anachelewa, wa pili anachelewa vilevile. Nafasi kati yetu inabaki ile ya filimbi yako. Kuchoka haiongeze nafasi. Angalia motokari!"

Tukaangalia. Dereva, ili kuwapisha wenzake, alikuwa akilisogeza lori kidogo kidogo kulitenga na daraja tangu asubuhi. Kila mwanamke alikuwa na safari ndefu kuliko aliyemtangulia. Tsongo akakuna kichwa, wanawake wakamzomea kwa furaha, na mimi nikacheka mpaka machozi.

Kabugho hakucheka. Alikaa chini palepale vumbini, gunia bado limemng'ang'ania mgongoni. Nilidhani ni goti. Nilipomfikia alikuwa anasema peke yake, "Njia njo inarefuka. Njia njo inarefuka."

Alinifuata kibandani akanieleza yote: nyota inayokufa, mwanga wake wa siku ya kwanza na wa siku ya pili kama wapagazi wawili walioachiwa kwa filimbi, na jinsi uchovu usivyoweza kuwatenganisha. Alieleza vizuri kuliko gazeti. Nilijua, kwa sababu gazeti lilikuwa ndani ya droo, shubiri mbili kutoka kwenye mkono wake.

"Imekufa, Afande," alisema. "Miaka kumi na moja. Imekufa."

Nilimjibu kwa ukali, maana mimi nikiogopa hukasirika. Nilimwambia anyamaze. Jumamosi aseme alichoalikwa kusema, achukue kazi, kisha Jumatatu akitaka akosee mpaka achoke. Nani atajua?

"Beko walimu," alinijibu. "Kesho yake wanasemea batoto vile nimesema."

Jumamosi tulikwenda Kasese. Ukumbini Byamukama alikuwa ametundika kitambaa kirefu: MWANGA HUCHOKA, MAMA WA MPONDWE AWAPINGA WATAALAMU. Alikuwa ameleta na mpiga picha. Kabugho alivaa kitenge chake cha Krismasi, akasimama mbele ya walimu sitini, akaanza kwa Lhukonzo, na hapa nayaweka maneno yake kwa Kiswahili kadiri nilivyoyashika. Alieleza wazo lake kwa nguvu zake zote, kama wakili anayemtetea mwanawe. Walimu walipiga makofi. Byamukama alipiga zaidi ya wote.

"Asanteni," Kabugho akasema. "Sasa nitawaonyesha nilipokosea."

Akaomba walimu wanne wasimame mlangoni na vitabu kichwani. Akawaachia mmoja mmoja kwa kupiga kofi, wajikokote kama watu waliochoka, mpaka kwenye meza ya mbele. Walimu waliokaa wakahesabu kwa sauti nafasi kati yao. Walitoka kwa nafasi ya hesabu sita, wakafika kwa nafasi ya hesabu sita. Kisha akamgeukia Byamukama akamwomba, kwa adabu kabisa, aivute meza kurudi nyuma polepole wakati wale wanne wanatembea tena. Mkuu wa shule, mbele ya watu sitini na mpiga picha, angefanya nini? Akavuta. Wa pili akafika kwa nane, wa tatu kwa tisa, na kabla wa nne hajafika Byamukama alikuwa amefika ukutani, jasho linamtoka. Ukumbi mzima ukasimama. Mwalimu mmoja mzee aliyekuwa karibu nami alisema ameifundisha mada hiyo miaka ishirini na leo ndiyo ameielewa.

Kabugho alimalizia kwa kusema kwamba hajui kama ulimwengu ulikuwa na mwanzo mmoja au mingi, na kwamba hilo halijavunjwa na meza. Lakini mwanga hauchoki. Alikuwa amesema hivyo kwa miaka kumi na moja, na alikuwa amekosea. Nilitazama sakafu. Sijawahi kuona mtu akiwa mkubwa namna ile, wala mimi kuwa mdogo namna ile.

Nje, Byamukama alikuwa anakikunja kitambaa chake. "Mama, mimi nilitangaza kitu kimoja, wewe umeleta kingine," alisema bila kumtazama. "Mambo ya maabara, tutakupigia." Mimi nimefanya kazi mpakani miaka mingi, najua maana ya tutakupigia. Kabugho alijua pia. Alimshukuru, tukapanda gari, akalala njia nzima.

Jumatatu alikuwa darajani kabla yangu, kitambaa kimefungwa kwenye goti. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia ukumbini. Nilitoa ukurasa kwenye droo nikampelekea mwenyewe. Aliusoma akiwa amesimama, kidole kinafuata maandishi ya kalamu ya risasi aliyoyatia Célestin pembeni. Alitikisa kichwa mara mbili kwa kukubali, kama mtu anayesalimiana na rafiki.

"Ulipata hii lini?"

"Jumatano ile, kabla ya Kasese. Nilitaka upate kazi kwanza, Mama Kabugho. Nisamehe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote kuhusu kazi: kwamba angejua mapema angemweleza Byamukama taratibu, kwamba nimemwaibisha, kwamba goti lake liko juu yangu. Yeye alihesabu kwa vidole, kuanzia Jumatano ile mpaka Alhamisi ya lori. Kisha akaniangalia, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile niliona macho yake yamejaa machozi.

"Siku nane," alisema. "Siku nane niko nabeba kitu imekufa, na wewe ulikuwa unajua."

Akaukunja ukurasa, akautia kifuani, akavuta mkanda kipajini na kuinama kulipokea gunia.