Viatu vya Karatasi

Nakumbuka Jumatano moja ya mvua, mwanangu, nikiwa bado na nywele nyeusi na kiburi kingi, nilipomdhulumu mjane vitu vya marehemu mumewe, kisha nikaenda kuswali Alasiri na moyo wangu mweupe. Nimeibeba habari hii zaidi ya miaka ishirini. Nakwambia leo kwa sababu nimekusikia ngazini ukimcheka yule mama wa ghorofa ya chini na bakuli lake la majivu, ukampiga na picha uwatumie wenzako nyumbani. Kaa hapo. Chai ipo.

Wakati ule nilipanga chumba mtaa wa Xiaobei, hapahapa Uchina, nyuma kidogo ya barabara ya Huanshi Zhonglu, kwa bibi mmoja tuliyemwita Ayi, yaani shangazi, kama tunavyowaita hapa wanawake wote wa umri wake. Mumewe alikuwa fundi viatu. Kisukari kilimla mguu wa kulia, ukakatwa chini ya goti, na kwa miaka mitatu nilimpita kila asubuhi amekaa kwenye kigoda mlangoni akishona viatu vya watu wenye miguu miwili. Aliniinulia kidole gumba. Mimi nilimrushia salamu huku natembea, maana nilikuwa na haraka. Sisi wafanyabiashara siku zote tuna haraka, hata tukiwa hatuendi popote.

Akafa. Ayi akaanza kujitayarisha kwa siku ya saba. Kwao, siku hiyo roho ya maiti hurudi nyumbani mara ya mwisho, na jamaa humchomea vitu vya karatasi ili avikute huko aendako. Chini ya ngazi, palepale wapangaji tulipoweka mizigo yetu, alipanga jumba la karatasi lenye madirisha, suti, watumishi wawili wa karatasi wa kimo cha mtoto, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wa kumshika mkono mzee, na viatu vyeusi. Jozi nzima, mwanangu. Cha kushoto na cha kulia. Alikaa siku kadhaa akikunja karatasi za rangi ya dhahabu mpaka vidole vyake vikang'aa. Akanionyesha kwa mkono nisogeze maboksi yangu, nisiviguse vitu vile. Nilimwelewa vizuri sana, kwa hiyo usinitafutie udhuru wa lugha.

Jumatano hiyo nilikuwa na mzigo wa mchanganyiko wa duka letu la Kariakoo: midoli na madaftari ya maduka ya jumla ya mtaa wa Yide Lu, na chupa za chai, zile zenye kioo ndani. Lori la kupeleka mizigo kwenye kontena lilikuwa linaondoka saa kumi. Karatasi zangu za kufungia zililowa mvua zote. Nikasimama pale chini ya ngazi nikitazama chupa, nikatazama vitu vya Ayi. Nikajiambia, haya ni masanamu, ni shirki tupu, na kuyachana ni thawabu. Nililivunja lile jumba. Watumishi niliwang'oa vichwa ili waingie vizuri. Kila kiatu nilikibana katikati ya chupa mbili, na ile dhahabu yote ikaenda kuziba pembe za maboksi. Nikapiga gundi, nikapakia, lori likaondoka. Nilijiona mjanja, na mcha Mungu pia.

Kesho yake, siku ya saba yenyewe, Ayi alitoka na bakuli na kiberiti. Akatazama sakafu. Akatazama nyuma ya mlango, akainua boksi moja la jirani akalitazama chini yake, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Halafu akakaa kwenye kigoda cha mumewe. Nami nikampita nikapanda chumbani kwangu.

Siku za Ijumaa tulikuwa tunaswali pale kwenye msikiti wa kaburi la sahaba wa Mtume, kama mnavyoswali ninyi sasa. Ijumaa ile, baada ya swala, nilimsimulia Maalim Haji kisa changu kwa kuchekesha. Maalim alikuwa mzee wa Unguja, zamani mwalimu wa historia, wakati huo akikusanya mizigo ya watu na kuisafirisha. Hakucheka. Alinishika mkono, akanitembeza kwa miguu hadi barabara ya Jiefang Bei, kwenye kaburi la mfalme wa kale lililochimbuliwa kilimani. Tukashuka ngazi za mawe, tukaingia vyumba vya chini ambavyo lazima uiname.

"Hapa palikuwa jiko," akasema. "Ndimo walimokutwa wapishi. Hawakufa kwa ndwele hawa. Mfalme kafa, nao wakauliwa wende wakampikie. Pale mlangoni bawabu. Kule wake zake. Na usinambie Wachina. Misri ya kale ilikuwa hivi, Iraki ya kale ilikuwa hivi, na Wanubi huko Sudani, watu weusi kama mimi nawe, vilevile."

Akanieleza, polepole, namna ambavyo nadhani alikuwa akiwaeleza wanafunzi wake. Kwamba zamani sana, kabla watu hawajajua kuandika, mtu alikataa kumtupa maiti wake porini. Akamlaza, akampaka udongo mwekundu, akamwekea chakula, maana hakuweza kuamini kwamba mkono uliomlisha jana leo umekwisha. Dini nyingi za kale, alisema Maalim, zilichipuka kwenye uchungu ule. Kisha wakaja wafalme, wakauchukua uchungu wa watu wakaufanya amri, ikawa akifa mmoja huzikwa wengi. Hata ikafika siku, na aliyeanza hajulikani, mtu akathubutu kusema: mfalme tumpe mpishi wa udongo, huyu mwenye roho aende kwao kwa watoto wake. Udongo ukafuatwa na mbao, mbao ikafuatwa na karatasi.

"Yule mtumishi uliyemng'oa kichwa," akasema Maalim, "alisimama pahala pa mtu. Na wewe kila Idi ya kuchinja unakula nyama ya kondoo na pilau. Umesahau kondoo wa mwanzo alisimama pahala pa nani?"

Mle ndani kulikuwa na baridi, na nilitamani kutoka. Maalim hakuniruhusu kutoka upesi.

Jioni ile tulikwenda wote wawili kwa Ayi, yeye akitafsiri. Nikakiri. Ayi aliuliza jambo moja tu, vitu vimekwenda wapi. Nikasema Dar es Salaam. Alikuwa hajawahi kuusikia mji huo. Akauliza kama ni mbali, Maalim akamwambia ni majuma mengi baharini. Akafikiri, halafu akaniletea kalamu.

"Anataka umwandikie pahala penyewe," Maalim akasema. "Ataichoma hiyo karatasi, mzee wake ajue pa kuvifuata vitu vyake. Anasema mzee hajapata kutoka mkoa huu, na ana mguu mmoja. Mwandikie vizuri asipotee."

Nikaandika: Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam. Ile "Kariakoo" niliiandika mara mbili, ya kwanza haikusomeka. Ayi akaiweka karatasi kwenye bakuli, akaiwasha, akamwita mumewe kwa jina lake kwa sauti, mara tatu. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, naomba yaishe.

Tangu hapo kila nilipopita aliniuliza, vimefika? Nikamjibu bado. Kontena lilipofika nilimpigia simu ndugu yangu nikamwambia yale makaratasi ya kwenye maboksi ayaweke, asiyatupe. Akasema, "Yale ya rangirangi? Tumeshayachoma kaka, uani, pamoja na takataka. Ila mzigo safi, hakuna hata chupa moja iliyovunjika."

Wallahi, mwanangu, nilifurahi. Niliona Mungu kanifichia aibu yangu. Nikashuka ngazi mbiombio, nikamwambia Ayi kwa Kichina changu cha sokoni: vimefika, vimechomwa vyote. Uso wake ukafunguka. Kisha akauliza, mlimwita jina? Maana asipoitwa, alinieleza kwa maneno mepesi kama unavyomweleza mtoto, wafu wengine wasio na jamaa watavigombania, naye hawezi kukimbia.

Nikasema ndiyo. Ndugu yangu alimwita.

Akasema, mlimwitaje?

Miaka mitatu nililala juu ya kichwa cha yule mzee. Alinishonea soli ya kiatu changu mwenyewe. Jina lake liliitwa mara tatu mbele yangu, na sikulisikiliza. Ayi alinitazama, nikamwona anaelewa, na furaha yote ikamtoka usoni palepale. Akachukua kigoda, akaingia nacho ndani, akafunga mlango. Hakuniuliza tena kitu mpaka nahama.

Alikufa baadaye, na nyumba ile ikavunjwa. Nimezunguka mitaa yote hii nikiuliza jina la fundi viatu mwenye mguu mmoja. Hakuna anayelijua. Sitalijua.

Sikwambii ukaabudu karatasi. Mimi swala zangu tano nazijua, na kaburini kwangu sitaki kuwekewa kitu. Nakwambia hivi: dini ya mwenzako, hata ikiwa kwako ni upotofu, ndani yake kuna maiti wa mtu. Mjue kwanza huyo. Ulizia jina lake, ulishike, ndipo ukatoe hukumu zako kama bado utakuwa nazo. Na ukimkosea mtu katika wafu wake, usijidanganye kwamba utarekebisha. Siku ya saba haina ya pili.

Shuka ukamsalimie yule mama. Mungu akulinde na ujanja wa ujana wako, akurudishe kwa wazazi wako ukiwa mzima, na siku yako ikifika, iwe huku ugenini au nyumbani, akupe mtu anayelijua jina lako.