Gari la Kijani la Ami Dhanun

Ami yangu Dhanun alikuwa mpiga pamba, na kwa wiki moja kila mwaka aligeuka mkulima. Shamba lake lilikuwa na magurudumu manne, na mavuno yake yaliisha siku ileile yalipoonekana.

Siku nyingine zote alikaa katika duka lake karibu na daraja la zamani la Mosul. Upinde wake mkubwa ulining'inia darini kwa kamba, naye akiupiga kwa nyundo ya mbao, mpaka pamba iliyogandamana miaka na miaka inyanyuke kama povu. Dung, dung-dung. Watu walimletea magodoro, mito na mifarishi iliyokufa, akawarudishia vikiwa hai. Nyusi zake zilikuwa na manyoya meupe hata siku ya Iddi. Mkewe, Bi Wahbiya, alikuwa akimkung'uta mlangoni kama zulia kabla ya kumruhusu aingie.

Aprili ilipofika, mji ulijiandaa kwa Tamasha la Machipuko. Wachoraji walitundika picha zao kwenye uzio wa bustani, wanafunzi walikariri mashairi hadi sauti zikawakauka, na siku ya kilele magari yaliyopambwa yalipita barabarani, kila shule na kila kundi la mafundi na gari lake. Wengi walipamba kwa waridi la karatasi na maua ya babunaji yaliyochumwa mashambani. Wapiga pamba walileta kitanda.

Kilikuwa kitanda kikubwa cha mbao juu ya gari, na godoro na mito miwili, vyote vya kijani kibichi, vyote vikiota. Siku saba kabla ya maandamano Ami alitandaza pamba iliyoloweshwa, na Bi Wahbiya akatupa juu yake mbegu za rashadi, ile mboga ndogo yenye majani membamba, kali kama haradali. Siku ya saba kitanda kilikuwa na manyoya marefu ya kijani yaliyoyumba kwa upepo.

"Bi harusi yuko wapi?" watu walimpigia kelele kila mwaka.

"Machipuko ndiye bi harusi," Ami aliwajibu. "Mnaye puani, hamumsikii?"

Mama Laith, jirani yetu, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika tangu nimjue, alikuwa akisema: "Mitaa mingine inaleta malkia. Sisi tunaleta kachumbari."

Na kweli kitanda kililiwa. Maandamano yalipoishia kando ya mto Dijla, watu wa mtaa wetu walikuja na mikate na jibini nyeupe, wakachuma rashadi kwenye godoro na kula wamesimama, wakicheka, maji yakiwachuruzika viwikoni. Hilo ndilo lililokuwa tamasha kwetu. Mashairi siyakumbuki hata moja.

Mwaka niliotimiza miaka saba nilipandishwa juu ya kitanda hicho nikiwa nimevaa mabawa ya karatasi. Niliambiwa nitabasamu na nisiguse kitu. Tulipofika mtoni, mto wa kulalia wa upande wangu ulikuwa na upara mkubwa mweupe, na mdomo wangu ulikuwa wa kijani. Bi Wahbiya alinipandishia sauti. Ami alicheka hadi akaketi chini.

"Mwacheni," alisema. "Huyu hahitaji kualikwa."

Kisha vikaja vita, tamasha likakoma. Karibu miaka ishirini gari halikupita. Duka la Ami liliporomoka pamoja na mtaa mzima, na upinde wake ukaokolewa kwa sababu siku hiyo alikuwa ameubeba kwenda kubadilisha uzi. Bi Wahbiya alifariki katika mwaka wa mwisho wa vita. Haikuwa risasi. Ilikuwa dawa ya sukari ambayo hatukuweza kuipata. Ami alivuka daraja kuja kuishi nami upande wa kushoto wa mto. Alikuja na upinde, birika la chai, na godoro lao la harusi, juu ya mkokoteni.

Godoro hilo alilipiga mwenyewe mwaka alipooa. Mafundi wengine humtengenezea bi harusi wa mtu. Yeye alimtengenezea wake, uani, wanawake wakipiga vigelegele na kurusha peremende juu ya pamba, na yeye akiona haya kiasi cha kukosea mapigo. Baadaye kila miaka miwili alilifungua na kulipiga upya. Tangu Bi Wahbiya aondoke hakuligusa tena. Lilikuwa gumu, lenye mabonge. Upande wa ukutani lilikuwa na bonde refu, la upana wa mwanamke, na Ami alilala upande wake bila kuliingilia hata kwa mkono. Nilikuwa nikitandika shuka, najua.

Kisha mwaka mmoja ikatangazwa kwamba tamasha linarudi. Ami alikuwa na miaka sabini na minane, na macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliposikia, alinitaka nipigie simu kamati.

"Leteni chochote, Hajji," kijana wa kamati alisema. "Maua ya plastiki yapo, tutawagawia."

"Maua ya plastiki ni ya makaburi na meza za serikali," Ami alimjibu. "Mimi naleta kitanda changu. Kipite mara moja tu, mtu mmoja akile, kisha mnisahau."

Nami nikaona kwamba hakuwa akitania. Tangu siku hiyo alinyoa ndevu kila asubuhi.

Fundi seremala alitutengenezea fremu ya kitanda, tukaiweka juu ya gari bandani. Siku ya kupanda ilikuwa Ijumaa, siku saba kamili kabla ya maandamano, lakini Ami alishikwa na homa na nikamkataza kutoka kitandani. Nilikwenda sokoni mwenyewe. Nilinunua magunia manane ya pamba, nyeupe kuliko yoyote niliyowahi kuiona, nyepesi, safi, hata mbegu moja ya pamba haikuwamo. Nilijivunia. Mimi ni mwalimu, nimezoea kuamini kwamba nikisoma maandishi ya gunia nimeshajua kilichomo. Mama Laith, ambaye vita vilimleta naye upande huu wa mto, alileta wanawake watano, tukatandaza, tukanyunyiza maji, tukapanda.

Jumapili Ami akapata nafuu. Tulimshika mkono hadi kwenye banda. Alisimama mbele ya kitanda, akaweka kiganja chake juu ya godoro, akakiondoa upesi kama aliyegusa mnyama.

"Nani amelia hapa chini?" aliuliza. Viatu vyake vilikuwa ndani ya dimbwi. Maji yote yalikuwa yamepita na kuanguka sakafuni, na mbegu zetu zilielea humo, nyeusi, zimevimba.

Alichomoa shungi moja, akaomba kiberiti. Shungi halikuwaka. Lilijikunja likawa kitone cheusi, kama plastiki.

"Pamba ikiungua hunuka karatasi," alisema. "Hii inanuka kiatu. Mwanangu, umenitandikia nywele za mwanasesere."

Nimekulia chini ya upinde wa mtu huyu.

"Usilie," Mama Laith aliniambia. "Hata mimi niliishika. Nikajisemea, pamba ya siku hizi imesoma."

Tulizunguka soko mchana kutwa, Ami akiwa ameshika kiwiko changu. Kila muuzaji alituletea gunia, kila gunia Ami aliligusa kwa vidole viwili na kulirudisha. Pamba ya kweli waliyokuwa nayo ilikuwa ile ya vifurushi vya zahanati, ya kufutia vidonda.

"Hajji, nani anataka pamba leo?" mmoja alimuuliza kwa upole. "Inaingia mabonge, inahitaji kupigwa. Wapigaji wako wapi?"

"Ndiyo," Ami alisema. "Wako wapi."

Tulirudi nyumbani. Aliingia chumbani kwake akaketi upande wake wa kitanda. Nilimletea chai, nikabaki mlangoni. Zilikuwa zimebaki siku tano, na nilijua anafikiria nini kwa sababu nami nilikuwa nimelifikiria njiani na kuona aibu.

"Ami, si lazima. Tutaiambia kamati hatukuwahi."

"Unajua alikuwa akinisema nini kuhusu hili godoro? 'Mpiga pamba analala juu ya mawe, kama mshona viatu asiye na viatu.' Ilikuwa ikipita miaka miwili, mwaka wa tatu haufiki. Sasa ni mingapi?"

"Sita."

"Sita. Angekuwa amenifukuza nyumbani."

Lakini hakuinuka. Chai ilipoa. Mama Laith alikuja kuuliza habari, akachungulia juu ya bega langu, akaelewa mara moja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona anatafuta neno.

"Dhanun," alisema mwishowe, "yeye ndiye aliyekuwa akipanda. Mwaka ule mvua ilipoosha mbegu zote, alilala bandani siku mbili akipanda upya. Angekuwepo, angeshalipasua kwa meno."

Ami alinyoosha mkono, akauweka ndani ya lile bonde. Aliuacha hapo kwa muda. Kisha akaniomba wembe.

Alikata mshono wa kwanza mwenyewe, kwa kupapasa. Pamba iliyotoka ilikuwa ya rangi ya siagi, ngumu kama mkate wa juzi. Kesho yake tuliipandisha darini, kwenye paa bapa la nyumba, tukafunga upinde kwenye nguzo ya kamba ya nguo, naye akaanza kupiga. Dung, dung-dung. Madirisha yakafunguka. Watu wa mtaa huu wametoka katika vifusi vya mitaa mingi, na wengi hatukuwahi kusalimiana vizuri. Alasiri ile wanawake waliegemea kuta za dari zao wakisikiliza, na mmoja akapiga kigelegele, nadhani bila kukusudia.

Mikono ya Ami ilichoka mapema. Nilichukua nyundo. Hakuniona, lakini alinisikia.

"Unaipiga kama unamfukuza paka. Mguse uzi, usimpige. Tena. Hapo. Hapo umemwamsha."

Jumatatu jioni tulitandaza. Pamba haikutosha kuvika kitanda chote; tuliacha miguu yake ya mbao mitupu. Ilikunywa maji na kuyashika. Nilipochukua mbegu, Ami alinishika kifundo cha mkono, akakitikisa taratibu.

"Hivi. Kama unatia chumvi katika chakula cha mgonjwa."

Ulikuwa mkono wa Bi Wahbiya. Niliutambua.

Ijumaa, siku ya nne, kitanda kilikuwa kijani. Si kijani cha zamani. Manyoya mafupi, haba mahali, kama ndevu za mvulana anayejilazimisha. Mama Laith alikizunguka akikitazama.

"Kina upara kama mwenyewe," alisema, na Ami akacheka, nikajua kwamba kimepona.

Tulipita. Kulikuwa na ngoma, wasichana wenye mataji ya babunaji, gari la shule moja lenye sanamu ya fahali mwenye mabawa, na umati ambao sikuwahi kuuona mjini tangu utotoni. Ami alitembea ameshika ukingo wa kitanda, suti yake ya zamani ikiwa imepigwa pasi hadi inang'aa. Watu walitupigia picha kwa simu. Walitabasamu. Nilimsikia msichana mmoja akimwambia mwenzake, "Angalia, wameweka zulia la uwanja wa mpira."

Tulifika mtoni. Mama Laith na wenzake walifungua vitambaa vya mikate na jibini. Tukasimama. Watu walipita, wakapiga picha, wakaenda kwenye fahali. Wale waliojua walikuwa wamekufa, au wako Erbil, au Uswidi, au walikuwa mahali fulani katika umati ule wakisubiri mtu mwingine aanze.

"Wanakula?" Ami aliniuliza.

Nilitaka kudanganya. Ingekuwa rahisi, na macho yake yasingenikamata.

"Bado."

Alinigeuzia uso, akainua nyusi zake, ambazo wiki ile zilikuwa zimepata tena manyoya meupe.

"Na wewe unangoja nini? Wewe ulikuwa huhitaji kualikwa."

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na wanafunzi wangu watatu walikuwa wamesimama pale wakitazama. Niliinama juu ya mto wa kulalia, nikachuma shungi zima na kulitia mdomoni bila mkate. Lilikuwa kali, likaniwasha pua hadi machozi yakanitoka, na niliyaacha yatoke kwa sababu yalikuwa na kisingizio.

"Inaliwa?" mwanamke mmoja aliuliza. Alikuwa na mtoto mgongoni.

"Kabla haijaisha, mama," Mama Laith alimwambia, akamtilia jibini katika mkate. "Kaanzie miguuni, kichwani kumeshaingia panya."

Mwanamke alichuma. Akamlisha mtoto, mtoto akakunja uso, watu wakacheka. Kisha mzee mmoja mwenye fimbo akasukuma umati kwa kiwiko akisema kwa sauti kubwa, "Kitanda cha wapiga pamba! Nilidhani kimekufa!" na nyuma yake ikaja mikono, mingi, kutoka pande zote. Ami alisimama katikati yao na kichwa chake kimeinama, akisikiliza watu wakitafuna.

Kufikia alasiri hapakubaki jani. Tuliikusanya pamba, tukaiosha, tukaianika darini siku nne, nikaipiga chini ya masikio yake, tukairudisha godoroni na kuushona mshono uleule. Sasa limevimba sawasawa, halina bonde upande wowote. Nilidhani Ami angehamia katikati. Hakuhamia. Bado analala upande wake, na upande wa ukutani shuka hubaki limenyooka asubuhi.

Juzi alilalamika kwamba kuna kitu kinamchoma ubavuni, labda mbegu ambayo hatukuitoa. Nilimwambia nitafungua mshono nikaitafute.

"Iache," alisema. "Angalau nina mtu wa kunisumbua."