Mwenyeji wa Mwezi Ujao

Duka la Mama Mifuniko ni sebule za watu. Mwenyeji hualika marafiki zake, Mama Mifuniko huja na vyombo vyake vya plastiki, anavionyesha, wanaagiza. Na kabla wageni hawajavaa viatu, lazima mmoja wao akubali kuwa mwenyeji wa mwezi ujao. Asipopatikana, kazi imekwisha.

Sasa sebule zilikuwa zimemwishia. Hii ya leo ilikuwa ya wifi yake, aliyekubali baada ya kubembelezwa wiki nzima.

Alijaza bakuli maji, akabana mfuniko, akalipindua juu ya kichwa cha wifi yake.

"Wewe! Nimesuka jana!"

Halikuvuja hata tone. Wageni wakaangua kicheko.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," mshona nguo wa jirani akamchokoza.

"Ndiyo maana vyombo vimetulia mezani, mama. Anayejitembeza ni mimi."

Wakacheka tena, wakaagiza. Ndipo akauliza nani atampokea mwezi ujao. Mshona nguo akasema kwake wanapaka rangi. Mwingine, mumewe hataki makelele. Watatu wakazikumbuka simu zao.

Akabaki mwalimu wa chekechea, aliyekaa karibu na mlango. Yeye na Mama Mifuniko walikuwa chanda na pete tangu bwenini, wakiitana "mwenzangu". Kisha mwalimu akafiwa na mama yake. Mama Mifuniko alikwenda kumpa pole, akalia naye kwelikweli. Lakini alipoinuka kuaga, akawagawia waombolezaji kadi za bei. Hakudhamiria. Mkono ulikuwa umezoea, ukaingia mkobani wenyewe. Tangu siku hiyo walisalimiana kwa mbali tu.

Alimsogelea, akainama.

"Mwenzangu, niokoe. Nikikosa leo, ndiyo basi."

Mwalimu akavivuta karibu viatu vyake vilivyokuwa mlangoni.

"Jumamosi ya pili. Saa tisa."

"Mungu akuzidishie! Nitawahi asubuhi, tupike wote kama zamani, tupige na soga..."

"Hapana, dada." Hakuwahi kumwita dada. "Uje saa tisa. Ukishaonyesha vyombo vyako, ufungashe. Mimi na wenzangu tutakuwa na mazungumzo yetu."

"Haya," akasema Mama Mifuniko. "Haya, hakuna neno."

"Kapatikana!" Wifi yake akapiga kigelegele, vikombe mkononi. "Wifi yangu hashindwi!"

Wageni wakapiga makofi. Mama Mifuniko akawapa tabasamu lake la kazini, lile la meno yote, akafungua daftari. Mahali pa jina la mwenyeji, ambapo miaka yote, zamu ya mwalimu ilipofika, aliandika "Mwenzangu" tu, safari hii aliandika jina kamili la mwalimu, na la baba yake, kwa herufi kubwa, kama anavyowaandika wateja wapya.